Siku bei ya maji ilipoanguka hadi sifuri

Mwalimu wetu wa uchumi aligawa darasa makundi mawili, kila kundi na chemchemi yake ya maji ya kuuza. Mfano wenyewe ni wa Cournot, Mfaransa aliyeuandika mwaka 1838, zaidi ya karne moja kabla ya mwanahisabati Mmarekani John Nash. Bei ya dumu ni 120 kutoa jumla ya madumu yote yaliyoletwa sokoni. Kuteka hakuna gharama. Kila raundi kundi linaandika idadi yake, linakunja karatasi, kisha zote zinafunguliwa kwa pamoja. Chaki nilishika mimi.

Kabla ya kuanza, viongozi wa makundi waliafikiana: "Tulete thelathini thelathini." Bei ikawa 60, kila kundi likapata shilingi 1,800. Raundi ya pili, karatasi ya kundi B ikaonyesha 45! Bei ikashuka hadi 45. B wakavuna 2,025, A wakaambulia 1,350. Darasa lilichafuka kwa kelele za usaliti, lakini B walikuwa wamepiga hesabu tu: toa idadi ya mwenzako kwenye 120, kinachobaki gawa kwa mbili. A nao wakaidaka, wakaleta 38. B wakashuka hadi 41, A wakapanda 40, mwisho wote wakatulia kwenye 40. Bei 40, mapato 1,600 kila upande.

Nikahakiki ubaoni. A wakiongeza dumu moja huku B wamebaki 40, bei ni 39 na mapato ni 1,599. Wakipunguza moja, bei ni 41, mapato yale yale 1,599. Huo ndio msawazo wa Nash: hakuna anayefaidika kwa kuhama peke yake. Wengi huuchukulia kuwa ndiyo hali bora kwa wote, na hapo ndipo wanapopotea. Ile 1,800 ilikuwa bora kwa makundi yote mawili, ila kila moja lilikuwa na sababu ya kuikimbia.

Kisha mwalimu akaongeza kundi la tatu, wote waanze na 40. Jumla 120, bei sifuri. Wote wakapiga hesabu ile ile, 120 kutoa 80 za wenzao wawili, gawa kwa mbili, wakaleta 20; bei ikaruka hadi 60. Raundi iliyofuata, 40 tena, sifuri tena. Kila kundi lilikuwa likijibu idadi za raundi iliyopita, na yote yakijibu kwa wakati mmoja. Mwalimu akaamuru wabadilishe kwa zamu, kundi moja baada ya jingine: 20, 30, 35, 28, na pole pole namba zikakusanyika kwenye 30.