Nilivyomwelewesha mama mkwe usonji kwa kahawa yake mwenyewe

Mwanangu ana miaka sita, ana usonji (autism). Blenda ikiwashwa anaziba masikio anajikunja chini ya meza, na mifuniko ya sufuria anaipanga mstari mmoja mpaka mlangoni, ukisogeza mmoja ni kilio mpaka jioni. Kila tukienda Moshi mama mkwe anasema ni mimi nimemdekeza, mara nilimzoesha simu, yaani nilikuwa nalia usiku peke yangu.

Ndo nikaanza kusoma, nikakutana na seli za glia. Mi nilijua ubongo ni neva tu, kumbe kuna seli za kuzisaidia, na Virchow, daktari Mjerumani aliyezipa jina karne ya 19, alizichukulia kama gundi tu. Zipo zinazoitwa maikroglia, mojawapo ya kazi zake ni kuondoa viunganisho vya neva vilivyozidi mtoto anapokua. Mwaka 2014 watafiti kina David Sulzer wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichunguza ubongo wa watoto na vijana waliofariki, wakaona kwa wasio na usonji vile vichomozo ambapo neva huungana vimepungua karibu nusu kadiri umri ulivyosogea, wenye usonji asilimia 16 tu! Mwaka huohuo utafiti mwingine ukaonyesha kwamba kwa panya waliokosa jeni (maelekezo ya mwili yaliyomo ndani ya seli) iitwayo CX3CR1, ambayo maikroglia zinaitegemea, upunguzaji ulilegea, wakawa hawachangamkii wenzao na wanarudiarudia jambo lilelile.

Nikaikumbuka kahawa ya mama. Krismasi tukiwa jikoni nikamuuliza, mama, kahawa usipoipogoa inakuwaje? Akasema inajaa matawi, giza tupu, punje zinakuwa ndogo. Nikamwambia basi kichwani kwa mjukuu wako huenda kuna kitu kama hicho, matawi ni mengi, sauti moja inamjia kama kelele za soko zima. Akanyamaza, akachochea moto, akauliza, "Sasa nani hakupogoa mama Eli, wewe?" Nikamjibu hapana mama, wapogoaji wamo humohumo kwenye ubongo, hakuna mzazi anayewatuma.

Nikamwambia pia kwamba hiyo si sababu pekee, jeni nazo zinachangia sana, na panya si mtoto. Na dawa ya kurekebisha hizo seli kwa mwenye usonji haipo, kuna mtu alishataka kuniuzia vidonge vya "kusafisha ubongo" nikakataa kabisa, wazazi wenzangu tafadhali msitoe hela zenu huko.

Kesho yake asubuhi mifuniko ilishapangwa toka jikoni mpaka nje, mama mkwe akaja na ndoo ya maziwa, akasimama, akainua kanga akauruka ule mstari, hakugusa hata mfuniko mmoja.