Nilivyowapata chiriku wa njano hapa Des Moines, Iowa

Mama ndo alimtambua kabla yangu. Ilikuwa mwezi wa tano mwaka jana, nimempigia kwa video nimuonyeshe nyumba tuliyohamia, shikamoo na marahaba zimeisha namzungushia simu uani aone eneo, mara anasema hebu rudisha hapo kwenye uzio mwanangu, huyo si chiriku? Kurudisha simu, kweli, kametua kandege kadogo ka njano, ile njano ya kiini cha yai la kienyeji, mabawa meusi yenye mistari myeupe na weusi mwingine pajini kama kavaa kofia kaishusha usoni. Kakakaa sekunde mbili tatu kakaruka, na anavyoruka huyu ndege ni kama anapita juu ya mawimbi, anapanda anashuka, na kila akipanda anatoa sauti.

Sisi Kilosa chiriku tumekua nao kwenye mashamba ya mtama, na mtoto akiwa na maneno mengi bibi alikuwa anamwambia wewe chiriku hebu tulia. Huyu wa Iowa sio yule wa nyumbani ila ni wa ukoo mmoja, na tangu 1933 ndo ndege rasmi wa jimbo hili, New Jersey na Washington nao wamemchukua huyo huyo. Lakini mimi hayo sikuyajua siku ile, nilichojua ni kwamba tangu nije Marekani hakuna kitu kilichonirudisha nyumbani haraka hivyo, nikasema lazima huyu ndege aje tena na akija akae.

Nilianza vibaya. Nikaenda dukani nikachukua mfuko mkubwa wa mbegu mchanganyiko maana ndo ulikuwa bei rahisi, nikaweka kwenye sahani juu ya meza ya nje. Wakaja shomoro, wengi, wakaja wale ndege weusi wakubwa wanaong'aa shingo, wakaja kindi wakakaa katikati ya sahani kabisa wanakula kama wameandaliwa wao, chiriku hata mmoja. Wiki mbili hivyo.

Jirani yangu ni bibi wa miaka themanini na kitu, ameishi mtaa huu tangu ujana wake, ndo akaniita kwenye uzio akaniambia mwanangu hawa hawali hizo, nunua Nyjer. Ni mbegu nyeusi nyembamba sana, na chombo chake ni bomba refu lenye vitundu vyembamba kama umechana kwa wembe, ndege mwenye mdomo mnene hawezi kuzitoa humo ila chiriku mdomo wake ni mwembamba umechongoka, anachomoa moja moja. Kuna na mfuko wa neti kama soksi, rahisi zaidi, wananing'inia juu yake.

Sasa hapa nitoke nje ya mada kidogo. Niliubeba ule mfuko wa mbegu kwenye gari mpaka kazini, dada mmoja Muethiopia tunafanya naye shift ya usiku akauona kwenye siti akashangaa kabisa, akasema hii si nug! Kwao wanalima, wanakamua mafuta ya kupikia, mama yake anatumia mpaka leo. Nikafuatilia, na ndivyo, mbegu hizi wanazokula ndege wa Iowa nyingi zinatoka Ethiopia na India, na zikifika Marekani lazima ziwe zimepashwa moto mkali kwanza ili magugu yasije yakaota humo, ndo maana ukizipanda mara nyingi hazioti. Tangu siku hiyo kila nikijaza bomba namkumbuka yule dada na jiko la mama yake.

Basi nikaning'iniza bomba, nikasubiri. Wiki tatu. Wanapita juu nawasikia, mmoja akatua, akachomoa mbegu moja akaidondosha akaondoka. Nilihuzunika kwa kweli, nikadhani labda wananiogopa. Siku moja nikalishusha nilisafishe nikakuta chini mbegu zimeshikana donge zima, zina ukungu, zinanuka, mvua ilikuwa inaingia. Na mfuko wenyewe nilivyosoma vizuri ulikuwa umekaa dukani muda mrefu. Mbegu hizi zina mafuta, zikikaa miezi mingi zinakauka mafuta yanakwisha, na chiriku anajua, anaonja mara moja tu. Jaribu kuiminya mbegu kwa kucha kwenye karatasi, ikiacha alama ya mafuta bado nzima, ikiwa unga mtupu tupa.

Nikaosha bomba, nikalikausha juani siku nzima, nikanunua mfuko mdogo na mpya, nikawa najaza nusu tu ili ziishe kabla hazijaharibika, na juu nikaweka kifuniko kipana cha plastiki kuzuia mvua. Nikalihamisha pia, kwanza lilikuwa karibu na mlango tunapita pita sana, nikalipeleka kama mita tatu kutoka kwenye kichaka ili mwewe akitokea wawe na pa kukimbilia. Siku ya nne walikuwa wawili, dume na jike. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi na sikukinywa mpaka kikapoa.

Ila kilichowafanya wakae sio bomba, ni maua. Mwenye nyumba aliyetangulia alipanda ekinasia upande mmoja wa ua, yale maua ya zambarau yenye kitovu kigumu cha rangi ya chungwa, ukikigusa kinachoma kama mgongo wa nungunungu. Mwezi wa nane yakaanza kukauka, mume wangu akatoa mkasi akasema tukate huu uchafu, akawa ameshakata kama matano hivi, mara chiriku akatua kwenye la sita mbele yetu pale pale. Shina lote likainama, maana hata kama ndege ana gramu 13 au 14 tu ua kavu nalo halina nguvu, naye wala hakujali, akageuka kichwa chini miguu juu akaanza kuchomoa mbegu kati ya ile miiba, anaizungusha mdomoni, ganda linadondoka huku mbegu inakwenda, anachomoa nyingine, petali kavu zinamwagika chini. Mume wangu akaweka mkasi mfukoni taratibu. Tangu hapo hatukati kitu mpaka machipuko, ekinasia, alizeti, zinia, vyote vinabaki vimesimama vikavu, na najua kwa mtu anayependa ua nadhifu inauma macho lakini kwa chiriku hiyo ndo sahani yenyewe.

Huyu ndege hula mbegu karibu tupu, hata makinda anayalisha mbegu alizozilainisha kwanza, wakati ndege wengi hapa wanalisha watoto wadudu. Ndo maana anachelewa kutaga. Wenzie wameshatotoa mwezi wa tano yeye anangoja mpaka wa saba wa nane, mbigili zimeshatoa pamba yake, maana anahitaji mbegu za chakula na ile pamba ya kiota. Nilimwona jike anavuta pamba kwenye mbigili nyuma ya uzio, mdomo umejaa mpaka haonekani macho, nikafuata kwa macho tu akaingia kwenye kichaka cha jirani. Kiota niliona mara moja kutoka mbali kidogo, kama kikombe cha chai, kimefungwa kwenye matawi kwa utando wa buibui na kimesukwa kikakaza kiasi kwamba kinaweza kushika maji. Sikurudi tena kuchungulia, nilimuomba bibi naye asipunguze kile kichaka mpaka watoke, akasema mwanangu mi sijakigusa miaka kumi.

Mwezi wa kumi na moja nikadhani wamehama. Bomba linaisha ila wanaokula ni vindege vya kahawia kahawia, nikasema sawa hata hawa wana njaa. Ni mabawa yaliyonistua, meusi yenye mistari ile ile. Kumbe ndo wao! Hubadilisha manyoya mara mbili kwa mwaka, winta wanavaa rangi ya majani makavu. Nilifurahi nikampigia mama usiku wa huko, akaniambia sasa chiriku ndo unaniamshia saa tisa mwanangu, halafu akaanza kuuliza wako wangapi.

Mwezi wa kwanza ikatokea shida. Mmoja akaja jicho limevimba limefunga, amekaa kwenye bomba haondoki hata nikisogea, manyoya yamefumuka. Huu ni ugonjwa wa macho unaoenda kwa ndege wa ukoo huu na wanaambukizana pale pale kwenye chakula. Iliniuma kushusha bomba kwenye baridi ile lakini nilishusha wiki mbili ili watawanyike, nikaliosha kwa klorini, ile tunaiita jiki nyumbani, sehemu 1 kwa 9 za maji, nikasuuza sana, nikafagia na maganda yote chini. Sasa naosha kila wiki mbili, mgonjwa awepo asiwepo. Na kama huna muda wa kuosha bora upande maua tu usiweke bomba kabisa, hilo nalisema kwa moyo wote.

Wiki hii nimehesabu kumi na mmoja kwa mkupuo. Theluji imeisha, madume yameanza kutoka njano, shingoni kidogo, kifuani kidogo, wana mabaka kama ukuta uliopakwa rangi mkono mmoja. Mama anataka video kila asubuhi. Mbegu zimebaki robo mfuko, kesho nikitoka shift napitia kuchukua mpya.