Ratiba ya usiku iliyozuia vidonda vya malazi

Familia nyingi hapa Nairobi huruhusiwa kwenda nyumbani na mgonjwa wa kiharusi zikiwa na agizo moja: mgeuzeni kila baada ya saa mbili. Mchana hugeuzwa. Usiku kila mtu hudhani mwenzake ameamka, na asubuhi ngozi ya juu ya makalio imeshaumia kwa kulaliwa muda mrefu: hapo ndipo kidonda cha malazi huanzia.

Dawa ya tatizo hili ni karatasi ukutani: saa nne usiku kulia, saa sita chali, saa nane kushoto, jina la mhusika pembeni, na saini. Upande uliopooza hupewa muda mfupi zaidi, maana huenda asihisi maumivu.

Mnageuza wawili, kwa shuka iliyokunjwa na kutandikwa chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani. Nyanyueni, msiburute, kuburuta huchubua. Mkono uliopooza usivutwe kamwe, bega huteguka. Alale mshazari, nyuzi 30 hivi, mto ukiwa nyuma ya mgongo. Ubavu kamili huweka uzito wote kwenye mfupa wa nyonga.

Mto mwingine uwe chini ya mashavu ya miguu, visigino vining'inie. Glavu zilizojazwa maji, ambazo watu hupenda sana kuziweka chini ya visigino, ziacheni.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo gusa: pakiwa na joto au pagumu kuliko kando, asipalalie, wala msipasugue. Nepi ikilowa ibadilishwe papo hapo, kisha pakeni mafuta ya mgando kidogo. Ngozi ikifunguka, msitie spiriti, mwiteni muuguzi.