Kumbukumbu ya mradi wa Corolla: bushi za mauntingi, jaribio la tatu

Jana jioni injini ilitulia. Kwa majuma matano nimekuwa nikifunga na kufungua mauntingi mbili zilezile, yaani vishikizo vinavyoishika injini kwenye bodi ya gari, na jana kwa mara ya kwanza glasi ya maji niliyoiweka juu ya dashibodi ilionyesha viduara hafifu tu injini ikiwa kwenye ralanti, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta. Nilikaa ndani ya gari karibu robo saa nikiitazama glasi hiyo, nikizima na kuwasha tena, kwa sababu sikutaka kuandika neno lolote kabla ya kuwa na hakika.

Gari ni lilelile, Corolla AE100 ya mwaka 1995, yenye injini ya 5A-FE ya cc 1,498 na gia za mkono. Mauntingi zake ni nne, na mafundi wengi hapa Goma huziita silambloki. Mbili za ubavuni hubeba uzito wa injini na giaboksi. Ya mbele na ya nyuma kazi yake kubwa ni kuizuia injini isijipindue dereva anapoachia klachi. Hizo mbili za mwisho ndizo zilizokuwa zimekufa. Mafuta yaliyokuwa yakivuja kwenye gasketi ya kifuniko cha vali yalikuwa yameulainisha mpira mpaka ukawa unamenyeka kwa ukucha, kisha barabara za mitaa yetu, zenye mawe makali ya lava ambayo volkano ya Nyiragongo ilitumwagia Januari 2002, zikamaliza yaliyobaki. Kila nilipopanda kutoka Birere na kuingiza gia ya pili, kishindo kilinipiga chini ya miguu. Gasketi niliibadilisha kwanza, maana hakuna faida ya kuweka kitu kipya chini ya mafuta yanayodondoka.

Nilichagua bushi (kile kipande cha duara kinachokaa ndani ya mauntingi) za poliuretani, plastiki inayonyumbuka lakini ngumu kuliko mpira, lakini kwa mbele na nyuma tu. Ubavuni sikukusudia kamwe kuondoa mpira, kwa sababu uzito wote hupitia pale, na mtu anayeweka poliuretani katika mauntingi zote nne huikaribisha kila ngurumo ya injini ndani ya bodi.

Kuhusu kutoa mpira wa zamani sina mengi ya kusema isipokuwa kwamba sikubaliani na wanaouchoma kwa moto. Moshi wake ni mchafu na hukaa kifuani siku nzima. Toboa matundu kwa drili kuuzunguka mpira, pitisha waya wa msumeno wa chuma, kata taratibu, na kazi itaisha bila kumdhuru mtu. Kusukuma bushi mpya ndani nilitumia fimbo ya chuma ya milimita 14 yenye uzi kama wa bolti, washa mbili nene na kipande cha bomba la maji. Garaji moja ilijitolea kunipa presi yake ya haidroliki, lakini presi ina nguvu ambayo mkono hauihisi. Bushi ikikaa upande, utajua pale tu chuma kinapolia. Fimbo yenye uzi hukuambia mapema, kwa kuwa spana inakuwa nzito kabla kitu hakijaharibika.

Tatizo lililonila majuma matano lilianza nilipowasha gari. Kishindo cha gia kilikuwa kimeisha kabisa, lakini katika ralanti usukani ulikuwa unawasha viganja na katika kioo cha ndani taa za gari la nyuma zilionekana kama michirizi. Nikikanyaga mafuta mpaka mizunguko 1,500 kwa dakika, mtetemo ulipotea. Hesabu yake si ngumu: ralanti yangu ni mizunguko 800 kwa dakika, na injini ya silinda nne huwaka mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo ni mapigo kama 27 kwa sekunde, na mapigo hayo yalikuwa yanafika kwenye bodi bila kuzuiwa na kitu.

Kwanza nilidhani ni grisi. Nilitoa bushi zote mbili, nikazisafisha, nikapaka grisi ya silikoni ndani na nje. Hakikubadilika kitu. Mara ya pili nililaumu jinsi nilivyokaza, na hapo nilikuwa na haki kidogo, kwa sababu nilikuwa nimekaza bolti wakati jeki bado imeinua injini, jambo ambalo huifunga bushi ikiwa tayari imevutwa upande mmoja. Nililegeza kila kitu, nikaacha injini ilale yenyewe juu ya mauntingi za ubavuni, nikaiwasha kidogo, nikazima, ndipo nikakaza. Mtetemo ulipungua, lakini haukuisha, na juma zima nilijaribu kujizoeza nao. Sikuweza. Gari unalolipenda likitetemeka hivyo, unalisikia hata ukiwa kitandani.

Aliyenifungua macho ni mzee anayetengeneza pikipiki jirani na kwetu. Alisikiliza muda mrefu akiwa ameweka kiganja juu ya kingo ya bodi, kisha akaniambia nilegeze nati ya mauntingi ya mbele nusu mzunguko huku injini inawaka.

“Papa, si itagonga?”

“Legeza tu, mwanangu, tusikie.”

Nililegeza, na mtetemo ukakatika palepale kama redio iliyozimwa. Nilipokaza ukarudi. Tulirudia mara nne, na mara zote nne ikawa hivyo hivyo.

Usiku huo nilitoa bushi na kuzipima kwa venia, kipimio kinachosoma hata sehemu ndogo za milimita. Kikopo cha chuma kinachopita katikati, ambamo bolti huingia, kilikuwa na urefu wa milimita 59.0. Poliuretani yenyewe, kutoka uso hadi uso, ilikuwa milimita 60.2. Kosa lote lilikuwa ndani ya milimita hiyo moja na ushei. Mpira wa kiwandani umegandishwa kwenye chuma chake, nao hufanya kazi kwa kujisokota. Poliuretani haikugandishwa, hufanya kazi kwa kuteleza kukizunguka kikopo. Ndiyo maana kikopo hakina budi kuwa kirefu kidogo kuliko bushi, ili masikio ya braketi, yaani mabamba mawili yanayoishika bushi huku na huku, yakibane chuma na kuiacha poliuretani huru. Kwangu masikio yalikuwa yanaibana poliuretani kabla ya kugusa chuma, na kila nilivyokaza kwa bidii ndivyo nilivyoigeuza kuwa jiwe.

Kuikata kwa kisu haiwezekani, inararuka vibaya, na tupa huteleza juu yake. Nilichukua kipande cha kioo cha dirisha, nikalaza juu yake msasa namba 120, nikamwaga maji baridi, nikasugua kila nusu ya bushi nikiigeuza kidogo baada ya kila misuguo kumi ili uso usiende mshazari. Nusu ziko nne, na kila moja nimeipunguza milimita 0.8. Sasa chuma kinachomoza milimita 0.2 kila upande, na ukikishika kwa vidole unaweza kukizungusha ndani ya bushi, kizito lakini bila kukwama. Bolti ya mbele, ambayo awali niliiingiza kwa nyundo, jana niliisukuma kwa kidole gumba.

Nilikuwa nimepanga leo kubadilisha mauntingi ya upande wa giaboksi kwa mpira mpya. Badala yake, ili kupima injini inavyojipindua, nilibandika rula kwenye bodi, nikatia doa la rangi nyeupe juu ya injini, na kupiga video ya mwendo wa polepole kwa simu huku mdogo wangu akiachia klachi kidogo kidogo, breki ya mkono ikiwa imevutwa. Doa lilisogea milimita 7. Nilimwomba jirani mwenye Corolla ya aina hiyohiyo, yenye mauntingi zilizochoka, tuifanyie vivyo hivyo, na doa lake likasogea milimita 23. Siku yote ikaishia hapo, kwa sababu majirani wengine wawili walileta magari yao kupimwa.

Mauntingi ya giaboksi bado imo ndani ya boksi lake. Bolti za mbele na nyuma nitazikagua tena nikishatembea kilomita 500, na venia nimeihamishia kwenye kisanduku cha spana, karibu na soketi ya 17.