Nilivyochagua kontena la video kwa seva ya nyumbani: MKV kabatini, MP4 mkononi

Maktaba ya video ya nyumba nyingi hapa Tanga ni mchanganyiko. Kuna VCD za zamani, DVD za harusi alizokabidhi mpiga video, kadi za kamera, klipu za simu zilizopitia WhatsApp, na filamu zilizoletwa na jamaa kwenye fleshi. Ukizimimina zote kwenye seva moja unakuta .DAT, .VOB, .AVI, .MTS, .3GP, .MP4 na .MKV zimelala folda moja, na kila runinga ina yale inayoyakubali na yale inayoyakataa. Seva ninayoizungumzia ni Jellyfin, programu ya bure inayopeleka video kwenye runinga na simu za nyumbani, imekaa kwenye kompyuta ndogo ya ofisi ya mtumba yenye prosesa ya Core i5-6500T, RAM ya GB 8 na diski ya nje ya TB 4. Kwa nyumba moja hiyo inatosha kabisa, mradi mafaili yamepangwa vizuri.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. MKV na MP4 ni makontena, na mtu wa mji wa bandari hahitaji maelezo mengi hapo: kontena ni sanduku, si mzigo. Mzigo ni mkondo wa picha, mkondo wa sauti mmoja au zaidi, na manukuu. Kila mkondo umefungashwa kwa kodeki yake, yaani njia ya kuubana na kuufungua. DVD hutumia MPEG-2, VCD hutumia MPEG-1, simu nyingi H.264 au H.265. Ukisikia mtu analalamika kwamba runinga yake haichezi MKV, mara nyingi sanduku limefunguka bila shida, kilichokwama ni sauti ya kodeki ya DTS au picha ya H.265 ya biti 10. Dalili ya DTS ni picha safi isiyo na sauti hata kidogo. Kabla hujagusa kitu, liulize faili lenyewe kwa ffprobe, inayokuja pamoja na ffmpeg, programu ya bure ya kubadilisha video kwa amri za kuandika:

ffprobe -hide_banner faili.mkv

Mistari inayoanza na neno Stream ndiyo mzigo. Isome yote ndipo uamue.

Uamuzi wangu ni huu: vyote vya kuhifadhi vinaingia MKV, vya kutuma na vya kuchezwa kwenye simu vinatoka kama MP4. Na mkondo wa picha wa asili siukandamizi upya. Kuhamisha kutoka kontena moja kwenda jingine hakupunguzi ubora hata chembe, kwa sababu baiti za picha zinanakiliwa zilivyo. DVD ya GB 4 inahama kwa dakika chache, na kinachochelewesha ni kasi ya diski tu. Kukandamiza upya kunakula muda mrefu zaidi kwenye mashine hii, na kilichopotea kwenye picha hakirudi tena. DVD ya harusi tayari ilishakandamizwa mara mbili, ndani ya kamera na mezani kwa mhariri. Ya tatu haiihitaji.

Sababu kubwa ya kuipenda MKV ni umeme. MP4 ina faharasa yake, inaitwa moov, inayosema kila picha iko baiti ya ngapi na inachezwa saa ngapi. Kwa kawaida faharasa hiyo huandikwa mwishoni kabisa, kazi ikishakamilika. Umeme ukikatika kazi ikiwa imefika asilimia 90, unabaki na faili la magigabaiti ambalo hakuna kichezaji kitakacholifungua, na ffmpeg itakujibu "moov atom not found". Data imo, ila hakuna ajuaye ianzie wapi. MKV huandika data kwa mafungu mafupi, kila fungu na saa zake. Ikikatizwa, unapoteza sekunde za mwisho na uwezo wa kuruka mbele haraka. Uwezo huo unarudi ukiipitisha tena kwenye mkvmerge, programu ya kufungasha MKV. Kwa hiyo yeyote anayerekodi moja kwa moja, iwe maulidi au mahafali, kwa programu kama OBS, arekodi kwa MKV halafu abadilishe baadaye. Ikiwa MP4 ya simu imeshaharibika kwa betri kuzima, jaribu programu ya untrunc. Inahitaji video nyingine nzima iliyopigwa na simu hiyohiyo kwa mipangilio ileile, ili ijifunze mpangilio kutoka kwake. Mara nyingi huokoa sehemu kubwa.

Sasa DVD za harusi, maana hapo ndipo kazi ilipo. Fungua folda ya VIDEO_TS. Utaona VTS_01_0.VOB, hiyo ni menyu, iache. Kisha VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB na kuendelea, kila moja isiyozidi GB 1. Hiyo ni video moja iliyokatwa vipande, wala usivigeuze kimoja kimoja. Viunganishe hivi:

ffmpeg -fflags +genpts -analyzeduration 200M -probesize 200M -i "concat:VTS_01_1.VOB|VTS_01_2.VOB|VTS_01_3.VOB|VTS_01_4.VOB" -map 0:v -map 0:a -map 0:s? -c copy harusi.mkv

Kila kipande cha amri hii kina kazi. Zile 200M mbili zinailazimisha programu isome mbali kabla ya kuamua kuna mikondo mingapi. Bila hizo, manukuu yanayoanza dakika ya pili hayaonekani na yanaachwa nje kimyakimya. Wengi huandika -map 0 tupu wakitaka kila kitu, na hapo amri inagoma, kwa sababu ndani ya VOB kuna mkondo wa data za menyu na MKV hupokea picha, sauti na manukuu tu. Taja mikondo kwa aina yake kama hapo juu. Alama ya kuuliza baada ya s inamaanisha "kama yapo". Ikiwa ffprobe imeonyesha sauti ni pcm_dvd, ongeza -c:a flac baada ya -c copy. MKV haiipokei PCM ya DVD (sauti isiyobanwa) ilivyo, na FLAC ni kodeki inayobana sauti bila kupoteza kitu.

Ikimaliza, angalia urefu. DVD ya dakika 92 ikisomeka dakika 23, saa za ndani zimeanza upya katikati ya diski. Hapo achana na ffmpeg, tumia MakeMKV, ambayo inasoma muundo wa DVD wenyewe na kubakiza hata sura. Kwa kweli kwa DVD zenye sura nyingi ningeanza nayo moja kwa moja. Diski zilizochunika huzisomi kwa haraka kwa njia yoyote. Zinakili kwanza zote kama faili la ISO (nakala ya diski nzima) kwa ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu, halafu ufanyie kazi ISO hiyo.

Kadi za kamera za AVCHD, zile zinazorekodi mafaili ya .MTS, zina mtego mwingine. Kamera inapofikia GB 2 au GB 4 hukata faili na kuanza .MTS mpya, kwa sababu kadi imeumbwa kwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili usiobeba faili la GB 4 kwenda juu. Mkato huo hauangalii picha imeishia wapi. Ukiviunganisha kama video mbili tofauti, utaona picha inaganda kidogo kwenye kiungo, mara nyingi katikati ya kiapo. Viunge kama baiti tupu, ndipo uhamishe:

cat 00003.MTS 00004.MTS > sherehe.mts
ffmpeg -i sherehe.mts -map 0:v -map 0:a -c copy sherehe.mkv

Filamu za zamani za AVI ni nyepesi. AVI haina saa za kila picha, kwa hiyo -fflags +genpts ni lazima, la sivyo unapewa kosa la "unknown timestamp". Zile za kodeki ya Xvid zikicheza kwa kushtukashtuka baada ya kuhama, rudia kutoka faili la asili na uongeze -bsf:v mpeg4_unpack_bframes. .DAT za VCD husomeka bila mapambano. Picha yake ni ndogo, 352 kwa 288, na kuikuza kwa kuikandamiza upya hakuiongezei kitu. Runinga itaikuza yenyewe.

Upande wa MP4, hutoka pale mtu anapotaka kipande cha kutuma. Tuseme ndugu aliye Muscat anaomba dakika tatu za akina mama wakicheza:

ffmpeg -ss 00:41:10 -t 180 -i harusi.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -vf "bwdif,scale=768:576,setsar=1" -c:v libx264 -crf 21 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 128k -movflags +faststart kipande.mp4

Hapa kukandamiza upya ni halali, maana asili imebaki kabatini. bwdif inaondoa ile mistari kama meno ya kitana inayotokea mtu akizungusha mkono, na inatoa picha 50 kwa sekunde, hivyo mwendo wa ngoma unabaki laini. scale inasawazisha pikseli za DVD ambazo si za mraba. Ukiiacha, simu nyingine zinawaonyesha watu wembamba kupita kiasi. Diski ikiwa ya skrini pana, weka 1024:576. Na faststart inahamisha ile faharasa ya moov kuja mbele, ili video ianze kucheza kabla haijashuka yote. Ukihamisha H.265 kwenda MP4 kwa ajili ya iPhone, ongeza -tag:v hvc1, bila hiyo simu inakataa faili zima.

Manukuu yanasumbua seva kuliko kontena lenyewe. Manukuu ya DVD na Blu-ray ni picha, si maandishi. Kifaa kisichoyaweza kinailazimisha Jellyfin iyachome juu ya video, na kuyachoma ni kukandamiza video nzima upya papo kwa papo. Ndipo feni inapoanza kulia. Dashibodi ya Jellyfin hukuonyesha kama faili linachezwa moja kwa moja, linahamishwa kontena tu, au linakandamizwa, pamoja na sababu. Isome kabla hujalaumu prosesa. Mimi huweka manukuu ya maandishi kama faili la .srt kando ya video, limehifadhiwa kwa UTF-8, kwa jina lilelile la video likifuatiwa na .sw.srt. Seva inalitambua kuwa ni Kiswahili.

Lugha ya sauti nayo iandikwe. Mkvpropedit, inayokuja pamoja na mkvmerge, inafanya hivyo kwa sekunde chache bila kuandika faili upya:

mkvpropedit harusi.mkv --edit track:a1 --set language=swa

Jambo la mwisho ni mahali pa kufanyia kazi. Usiandike faili jipya ndani ya folda ya maktaba. Seva italiona likiwa nusu na kulisajili vibaya. Nina folda inayoitwa kazi kwenye diski hiyohiyo. Faili likikamilika nalipima lote:

ffmpeg -v error -i harusi.mkv -f null -

Ikinyamaza, lipo salama, na amri ya mv inalipeleka maktaba papo hapo kwa kuwa diski ni moja. Ikitema makosa, nalinganisha na VOB za asili. Makosa yakiwa huko pia, diski ndiyo mbovu. Yakiwa kwenye MKV peke yake, nakagua kwanza kebo na tundu la USB. Nyumba za karibu na bahari, Raskazone na kwingineko, hewa ya chumvi inakula vidole vya tundu na diski inakatika kwa sekunde moja katikati ya kuandika. VOB zenyewe nazifuta baada ya MKV kuwa na nakala ya pili kwenye diski nyingine isiyokaa kwenye umeme.