Leo paneli ya zamani imenyamaza

Ndiyo kwanza natoka zamu, mikono bado inanitetemeka.

Kwa wasiojua: sehemu ya kiwanda chetu cha kusafisha mafuta ilikuwa bado inaongozwa kwa hewa. Ndiyo, hewa! Vibomba vyembamba vya shaba, presha ya psi 3 hadi 15, ndivyo vinavyoiambia vali ifunguke au ijifunge.

Leo tumeihamishia vali ya mafuta ya tanuri kwenye kompyuta, mtambo ukiwa unafanya kazi.

Mzee wetu wa zamu alitoka kuishika kwa gurudumu la mkono. Mimi nikabaki ndani na redio ya mawasiliano.

"Mzee, shikilia hapohapo."

Fundi akachomoa kibomba, akaunga nyaya za umeme mdogo wa miliampea 4 hadi 20, unaoiamuru vali badala ya hewa, kwenye kifaa kipya. Jasho lilinitoka na kiyoyozi kinapuliza.

Halafu joto likatulia kwenye skrini.

Mzee aliporudi hata skrini hakuitazama. Alikwenda kwenye paneli ya zamani, akagonga kioo cha geji kwa kidole, mara mbili, kama afanyavyo kila zamu. Mshale umelala chini kabisa.

"Kimya hiki sijakizoea," akasema.

Kweli, ule mlio wa hewa, pss, pss, haupo tena.

Nani hapa amewahi kuhamisha mtambo bila kuuzima? Usingizi mliupata usiku ule?