Kando ya Mto Tana, kutoka Garsen hadi Hola

Ukitoka Malindi kwa basi la Garissa unapita nyika kavu, vichaka na miti ya miiba ya mathenge tu, mpaka ukikaribia Garsen ndipo unaona upande wa kulia ukanda wa miembe, minazi na migomba. Hapo ndipo Tana ilipo, mto mrefu kuliko yote Kenya, ulioteremka kutoka Aberdare na Mlima Kenya na kupita mabwawa ya umeme ya Masinga hadi Kiambere. Mbele yake unaingia Bahari ya Hindi, huko Kipini.

Wapokomo wamelima kingoni hapa kwa karne nyingi, mpunga na ndizi kwenye tope linaloachwa na mafuriko. Waorma na Wardei ni wafugaji, na kiangazi kikikaza huteremsha ng'ombe mtoni. Wako pia Wailwana, Wamunyoyaya na Wawata, ambao wasafiri wengi hawajapata hata kuwasikia. Na kila Mkenya anayesimama kuimba wimbo wa taifa anaimba sauti ya bembelezi la Kipokomo, iliyotolewa na Mzee Meza Moroa Galana.

Nje kidogo ya Garsen nilisimama kwenye malka, njia ya mifugo inayopita katikati ya mashamba hadi majini. Ng'ombe waliteremka wakisukumana, kijana wa Kiorma akiwatangulia kwa mluzi. Pembeni, mama mmoja alikuwa anaziba ua wa miiba kwenye migomba yake.

"Shikamoo, mama. Hawa hupita kila siku?"

"Marahaba, mwanangu. Kiangazi ndiyo, kila siku. Njia yao wanaijua. Ugomvi huja mtu akiilima."

Maneno hayo yalinikaa. Agosti 2012 kijijini Riketa waliuawa watu zaidi ya 50 kwa siku moja, wengi wao wanawake na watoto, na visasi kati ya Wapokomo na Waorma vikaendelea hadi Januari 2013. Anayesema ulikuwa ukabila tu hajafika malka. Njia ikizibwa, mifugo inakufa kwa kiu. Mifugo ikiingia shambani, chakula cha mwaka kimekwisha. Siasa za uchaguzi zikamwagia petroli.

Hola, makao makuu ya Kaunti ya Tana River, ndiko nilikotaka kufika hasa. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa zaidi ya 80 wa Mau Mau, vuguvugu la kupinga ukoloni lililoanzia Kenya ya kati, walitolewa kambini kwenda kufanya kazi ya lazima kwenye mradi wa umwagiliaji. Walipokataa, askari waliwapiga marungu, na 11 wakafa. Serikali ya kikoloni ikatangaza kwamba vifo vilitokana na maji waliyokunywa. Uchunguzi ukafichua majeraha. Julai mwaka huo Enoch Powell, mbunge wa chama tawala chenyewe, alisimama bungeni London kulaani, na kambi zile hazikudumu tena.

Nilimwuliza mzee mmoja wa Hola kwa nini wageni wa kuja kuyaona haya ni wachache hivi.

"Wale waliletwa hapa kwa sababu palikuwa mbali," alinijibu. "Leo lami ipo, basi zipo. Waambie watoto wa Nyeri na Murang'a waje. Babu zao walichimba udongo huu, na sisi ndio tunaoulima."